Mjane wa Chuo

Habari kwamba chuo kinakufa ilimkuta Klaudia jikoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi. Aliyeileta ni Bwana Aristides, ofisa utawala, mwanamume mwenye tabia ya kusimama mlangoni bila kuingia, kana kwamba moshi wa jikoni ungemfuata hadi ofisini ukamshtaki. Alisema kwa sauti ya matangazo ya kanisani:

"Mwezi ujao Chuo cha Mtakatifu Blandina hakipo tena. Tunaunganishwa na wenzetu. Kinazaliwa chuo kikuu kipya, kikubwa, makao yake Kemondo. Hapa Buhembe yatabaki mabweni kwa muda, mengine tutaona mbele."

"Na sisi wa jikoni?" aliuliza Shamsa, mpishi mwenzake Klaudia, bila kuacha kumenya.

"Mtajulishwa kwa utaratibu."

"Huyo Utaratibu ni bwana gani? Tumpikie chai aharakishe?"

Aristides alicheka nusu, akaimeza nusu iliyobaki, akaondoka. Sufuria ilichemka. Shamsa alitupa ganda kwenye ndoo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mimi mume wangu ana pikipiki na mdomo," alisema. "Pikipiki ikifa, tutabaki na mdomo. Wewe je, Mama Agnetha?"

"Mungu yupo."

"Yupo, nani amekataa. Ila sijasikia akitangaza nafasi za kazi."

"Shamsa, chunga ulimi wako."

"Nauchunga, dada. Ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha kuchunga."

Klaudia hakucheka. Yeye hakuwa anapoteza kazi tu. Nyuma ya jiko kulikuwa na safu ya vyumba vya wafanyakazi, na cha mwisho, kilichopakana na migomba ya jirani, ndicho alichoishi na bintiye Agnetha. Chumba kile kilikuja na kazi na kingeondoka na kazi. Kikiondoka, njia ilibaki moja tu, ya Kishanda huko Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa cha marehemu mumewe, chini ya macho ya shemeji yake Ildefons. Hakuwahi kupigwa Kishanda, wala kunyimwa chakula. Lakini huko kila akivuka mgomba wa mwisho kulikuwa na mtu wa kumuuliza anakwenda wapi, na akirudi, mtu wa kumuuliza mbona amekawia. Buhembe alikuwa na mlango anaoufunga mwenyewe na ufunguo anaoufunga kwenye ncha ya kanga yake. Mtu ambaye hajawahi kukosa ufunguo hawezi kuelewa jambo hili, na Klaudia hakujaribu kumweleza yeyote.

Jioni hiyo alipomaliza rozari alimkuta Agnetha ameketi kitandani, hajavua viatu. Agnetha alikuwa mwaka wa tatu hapo hapo chuoni, na alikuwa katika kamati ya wanafunzi ya sherehe ya kuaga. Alikuwa na jambo. Akiwa na jambo alikuwa anakunja pindo la sketi, anakunjua, anakunja tena.

"Mama, usiseme hapana kabla hujasikia."

"Nasikia."

"Tunafanya igizo siku ya kuaga. Chuo kinakufa, kinawekwa kwenye jeneza, kinaliliwa. Halafu mgeni rasmi kutoka chuo kipya anakuja kama mrithi. Ni kitu kizuri, mama. Watu watacheka, watalia, watakumbuka."

"Watu wamekosa misiba ya kweli, mpaka watengeneze?"

"Ni sanaa, mama."

"Haya. Mimi ninaingilia wapi? Mnataka ndizi za matanga?"

Agnetha alikunja pindo. "Wanataka wewe uwe mjane."

Klaudia alimtazama. Nje, mtu alikuwa anamwita mbuzi.

"Mimi ni mjane," alisema taratibu. "Hawana haja ya kunifanya."

"Mjane wa chuo. Ukae chini, ulie. Walitaka wamchukue msichana wa mwaka wa pili, lakini akilia anacheka. Bwana Aristides akasema atafutwe mtu mzima anayejua kulia. Nikakutaja."

"Ulinitaja wewe?"

"Nilisema mama yangu analia vizuri."

"Uliniona wapi nikilia?"

Agnetha alikunjua pindo. "Kwa baba," alisema.

Klaudia alinyoosha mkono akazima taa, ingawa usiku ulikuwa haujaingia sawasawa. Hakutaka mtoto amwone uso. Wakakaa hivyo, kila mmoja upande wake wa kitanda, mpaka Agnetha akaanza kusema kwa sauti ndogo kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba aliona ni nafasi, kwamba wakubwa wote watakuwepo. Mama yake alimwambia avue viatu alale.

Kesho yake Bwana Aristides alimwita ofisini. Kiti cha wageni kilikuwepo, lakini kilikuwa kimejaa majoho, na hakuyaondoa. Klaudia alisimama.

"Mama Agnetha, sisi hatumlazimishi mtu," Aristides alianza. "Nasema na wewe kama dada yangu. Watu wa chuo kipya watakaa meza kuu, watatazama. Mtu wanayemjua sura si sawa na mtu wasiyemjua."

"Wapishi wanachukuliwa?"

"Sijasema wanachukuliwa. Nimesema sura."

"Na vyumba?"

"Mama, vyumba navyo vina wenyewe sasa, si mimi." Alifungua droo, akaifunga, hakutoa kitu. "Kuna mzabuni anatafutwa kulisha wanafunzi. Mzabuni huja na watu wake. Lakini profesa, mgeni rasmi, akisema, 'Yule mama abaki,' nani atambishia?"

"Mimi ni mtu wa kanisa. Kulilia kitu kisicho na roho, sijui kama ni halali."

"Basi nitakuelewa," alisema Aristides, na kwa jinsi alivyosema ilikuwa wazi kwamba kuelewa kwake hakungemsaidia mtu. "Ila siwezi kufika Kemondo nimebeba maelezo ya kila mmoja."

Klaudia alitoka. Alipita kanisani, akapiga magoti nyuma kabisa, mahali akina mama wa jumuiya yake hukaa, akajaribu kuomba. Kila alipofika kwenye maneno ya kuomba riziki, alijikuta anaona mlango wa chumba chake. Akakata shauri angalau akaone hicho wanachokifanya, ajue anakataa nini.

Mazoezi yalikuwa ukumbini. Kijana aliyetunga igizo aliitwa Jamali, mtoto wa Bukoba mjini, mrefu, mwenye kofia ambayo aliivua alipomwona Klaudia akiingia.

"Shikamoo, mama. Ahsante kwa kuja. Nimefanya kama nilivyosimuliwa na bibi yangu mzaa mama, yeye alikuwa wa huko huko Muleba. Ukiona nimekosea, nirekebishe."

Walikuwa wametandaza majani makavu ya migomba sakafuni. Jeneza lilikuwa la maboksi, limepakwa rangi nyeusi, na ndani wamelaza kibao cha chuo kilichong'olewa getini. Klaudia alisita kuyakanyaga yale majani. Katika ukoo wa kina Avit, mumewe, mjane hukaa juu ya majani ya mgomba siku zote za matanga, na hainuki mwenyewe msiba unapovunjwa. Mtu wa ukoo, yule atakayekuwa mwangalizi wake, huja akamshika mkono wa kulia, akamwambia mbele ya watu nyumba yake iko wapi. Hapo ndipo anasimama. Tangu aolewe Kishanda alikuwa ameona wajane wakiinuliwa, na hakuwahi kusikia mtu aliyemwinua mjane akaliruka neno lake baadaye. Hata mzee mmoja mlevi wa bondeni, aliyeuza mpaka bati za jiko lake, nyumba ya mjane wa nduguye hakuigusa.

"Keti hapo, mama," alisema Jamali. "Lia kidogo tu tuone."

Wanafunzi walikuwa wamekaa juu ya meza, miguu inaning'inia, wengine wanakula karanga. Klaudia aliketi. Majani yalilia chini yake. Alifungua kinywa akiwa hana hakika kama kitatoka kitu, na kilio kikatoka chenyewe, kile cha Kihaya, kirefu, kinachopanda na kukatika. Karanga zikanyamaza. Alipokoma, kijana mmoja nyuma alipiga mluzi.

"Eee, huyu mama ni moto! Apewe tuzo!"

Wakapiga makofi. Klaudia alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Aliona aibu kama mtu aliyekutwa anaoga.

"Halafu?" alimwuliza Jamali.

"Halafu Profesa Kamala anashuka kutoka meza kuu. Yeye ndiye anayekuja kuwa mkuu wa chuo kipya, na ni mtu wa huku huku, Mhaya. Anakushika mkono wa kulia, anasema, 'Inuka, mama. Nyumba ya marehemu ni nyumba yangu, hutatoka humo.' Unasimama, ngoma zinalia."

"Atasema hivyo yeye mwenyewe?"

"Ndiyo. Nimeshawasiliana na ofisi yake, wamekubali."

"Mbele ya watu wote?"

"Ndiyo sherehe yenyewe, mama."

Klaudia alitazama majani. Alijua ni mchezo. Hakuwa mjinga. Lakini alijua pia kwamba Kamala ni Mhaya, na maneno yale si ya kuchezea kinywani mwa Mhaya. Mtu mkubwa akishayasema, mkono wake ukiwa umeshika mkono wako, na vibibi vya Buhembe vikisikia, atakapoambiwa kesho yake kwamba mama yule yule yuko mlangoni na mizigo, je, atasema hakuyasema?

"Nitafanya," alisema.

Shemeji yake Ildefons alikuja Buhembe siku chache kabla ya sherehe. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha wakulima cha Kishanda, na kikundi hicho ndicho kilichopewa kazi ya kuleta ndizi za karamu. Alikuwa mtu mpana, asiye na haraka, anayetafuna kahawa siku nzima kana kwamba amepewa kazi hiyo pia. Klaudia alikunja magoti kumsalimia kwa Kihaya, kama ilivyo desturi ya wanawake wa kwao.

"Kasinge, waitu."

"Kasinge. Mna heri hapa?"

"Tuna heri. Kaa, shemeji."

Ildefons aliketi kwenye kiti kimoja kilichokuwepo, akatazama kuta, dirisha, kitanda, picha ya Bikira Maria, akamaliza chumba chote kwa mara moja.

"Mama anakuulizia," alisema. "Siku hizi akili inakwenda inarudi. Anasema, Klaudia amekwenda sokoni, mbona harudi, au wamempora njiani."

"Mwambie namsalimu sana."

"Namwambia. Ananiambia mimi muongo." Alimpa Klaudia kahawa mbili za kutafuna, Klaudia akazipokea kwa mikono miwili. "Nasikia chuo kinakufa."

"Kinaunganishwa."

"Ehe. Waliunganisha hata chama chetu cha kahawa, miaka ile. Mpaka leo natafuta kiko wapi."

Ildefons alitafuna.

"Shemeji, nitasema jambo, usikasirike. Avit alikufa wakati ule wa ugonjwa wa kifua. Mimi nilikuwa nimelazwa. Watu wakaambiwa wasikusanyike, mkamzika watu wachache kama mnaficha kitu. Niliporudi kutoka hospitali nikakuta majani yameshafagiliwa, na wewe umeshakuja huku. Hakuna aliyekuinua. Uliinuka mwenyewe."

"Ningefanyaje? Ningekaa chini mpaka lini?"

"Sikulaumu. Nasema yanayosemwa. Nikipita kilabuni wananiambia, Ildefons, mke wa mdogo wako anapikia watu mjini, na nyumba yake popo wanazaa. Wanadhani nilikufukuza ili nivune kahawa ya Avit."

"Si unaivuna?"

"Naivuna. Ningeiacha ioze?" Alisema bila kuona haya, na hapakuwa na hila usoni mwake. "Njoo nyumbani, uvune mwenyewe. Mama atakuwa na mtu. Na mimi nitapita kilabuni kichwa juu."

"Agnetha bado anasoma, shemeji."

"Akimaliza hapa si ameshasoma? Msichana anasoma mpaka wapi?"

"Nina matumaini hapa. Kuna mtu mkubwa atazungumza juu yangu."

Ildefons aliinuka, akavaa kofia. Mlangoni alisimama akatazama ufunguo uliokuwa kwenye kitasa.

"Huo mlango ni wa chuo," alisema. "Wa kwako uko Kishanda, sijawahi kuufunga."

Hakujua kwamba hicho ndicho kilichomtisha Klaudia kuliko yote.

Siku ya kuaga, mawingu yalishuka juu ya ziwa tangu asubuhi, na ndege iliyomleta Profesa Kamala kutoka Mwanza ikachelewa. Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wakubwa na waliomaliza zamani, wamevaa suti na vitenge vya sare. Nyuma walikaa wafagizi, walinzi, na vibibi vya Buhembe vilivyozoea kuja popote palipo na turubai. Nje, lori la Kishanda lilikuwa limeegeshwa karibu na jiko, na Ildefons na vijana wake walikuwa wanashusha mikungu ya mwisho. Klaudia na Shamsa walikuwa wamepika tangu alfajiri. Saa ya igizo ilipokaribia, Klaudia alinawa mikono, akavaa kitenge chake cheusi, kile kile cha msiba wa Avit, kwa kuwa hakuwa na kingine.

"Ukilia sana utapungukiwa na chumvi mwilini," alisema Shamsa akimfunga kilemba. "Niachie machozi kidogo, na mimi nina yangu ya kulilia."

Mgeni alifika kila mtu akiwa amechoka. Aristides alishika kipaza sauti mkono mmoja na leso mkono wa pili, shati limemganda mgongoni. Wanafunzi waliingia na jeneza wakiimba. Watu wakacheka walipoona kibao cha geti kimevalishwa joho na kofia ya mahafali. Klaudia akaketishwa juu ya majani. Akalia.

Alianza na maneno waliyomfundisha. Umetuacha na nani, Blandina, wewe uliyetulisha, wewe uliyetufundisha. Watu walikuwa bado wanacheka. Lakini kilio cha Kihaya hakina kamba ya kukifunga pale unapotaka. Kikampita chuo, kikaenda kwingine. Umekwenda bila watu, akasema sasa, wamekufukia kama kitu cha kuibwa, sikupata hata mtu wa kuniuliza nitalala wapi. Hakumtaja Avit kwa jina. Vibibi vya nyuma havikuhitaji jina. Vilianza kuitikia, kimoja, kisha vyote, na mbele hapo mama mmoja wa suti alitoa leso. Agnetha alikuwa amesimama kando ya jukwaa, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Klaudia alikoma. Alinyoosha mkono wa kulia kidogo, kiganja juu, kama inavyotakiwa, akangoja.

"Makofi kwa mama yetu!" Aristides alisema kwenye kipaza sauti. "Makofi kwa vijana wetu! Ndugu zangu, muda umetutupa mkono. Namwomba sasa mgeni rasmi atuambie neno, kisha twende chakula."

"Bado kuinuliwa!" Jamali aliita kutoka pembeni. "Bwana Aristides, bado kipande cha mrithi!"

Aristides alimpungia leso kama anayefukuza nzi.

Profesa Kamala alisimama pale pale kwenye kiti chake. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye sauti nzuri. Alisema chuo hakifi, kinakua. Alisema majengo ni matofali, elimu ni watu. Kisha akatazama chini kwenye majani, akatabasamu.

"Na nimeambiwa kuna mjane hapa ananingoja. Jamani, mimi nina mke, na mke wangu ana simu. Msinitafutie kesi nyumbani!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Walipokuwa bado wanacheka alishukuru, akabariki, akashuka upande wa pili, na viti vikaanza kukwaruza sakafu, watu wakielekea kwenye meza za chakula chini ya turubai. Mkono wa Klaudia ulikuwa bado umenyooka. Aliurudisha mapajani.

Ukumbi ukabaki mtupu nusu. Kupitia mlango mkubwa uliofunguliwa aliweza kumwona profesa, mgongo wake, akichaguliwa nyama. Vibibi vya nyuma havikwenda kula. Vilibaki vimekaa, vinamtazama.

Shamsa alikuja, mwiko mkononi. "Mama Agnetha, inuka tukagawe, watu wanajipakulia kama hawana kwao."

"Siwezi."

"Miguu imekufa ganzi?"

"Si miguu."

Na kweli haikuwa miguu. Mara ya kwanza aliinuka mwenyewe, nyumba ikiwa tupu, hakuna wa kumwona ila Mungu na mtoto. Sasa amelia mbele ya watu mia kadhaa, na wanawake wanaojua wamemwitikia. Akiinuka tena mwenyewe, atakuwa amekubali kwa kinywa chake kwamba hana mtu. Alijiambia profesa atageuka. Mtu atamkumbusha, atasema, kumbe nimemwacha mama wa watu chini, na atarudi, hata akiwa na mfupa mkononi. Profesa hakugeuka.

Aristides alikuja mbio, akainama, akasema huku amekaza meno: "Mama, imetosha. Igizo limekwisha. Unataka kunifukuzisha kazi na mimi?" Akamshika kiwiko.

"Mwache!" kilisema kibibi kimoja kwa Kihaya. "Wewe ni nani wake, umshike? Utamweka wapi?"

Aristides alikuwa mtu wa mjini, lakini mama yake alimzaa hapo hapo Kagera. Aliachia kile kiwiko kama kimemuunguza. Akarudi nyuma hatua, akatazama huku na huku, akaamua kwamba anahitajika penye chakula.

Agnetha ndiye aliyefuata. Alipiga magoti kwenye majani, analia. "Mama, nisamehe. Twende ndani. Wote wanatuangalia."

"Mtoto hamwinui mama yake."

"Basi inuka mwenyewe!"

"Ondoka kwenye majani, Agnetha. Usiyakalie, wewe hujafiwa na mume."

Mtu alikuwa amesimama mlangoni, amezuia mwanga. Ildefons alikuwa amekuja kuuliza mahali pa kuweka mikungu iliyobaki. Alitazama majani, akavitazama vibibi, akamtazama shemeji yake, na hakuna aliyehitaji kumweleza jambo. Alitema kahawa kiganjani, akaiweka mfukoni. Alivua kofia. Alivua ndala zake pale majani yanapoanzia, akaja peku, akaunyoosha mkono.

"Klaudia, mke wa Avit," alisema kwa Kihaya, kwa sauti ya kusikika. "Mimi ni Ildefons, kaka yake Avit. Nilichelewa. Inuka. Nyumba yako iko Kishanda, na hakuna atakayekutoa humo nikiwa hai."

"Eee," viliitikia vibibi.

Klaudia aliutazama ule mkono. Ulikuwa mkubwa, mweusi kwa utomvu, umepasukapasuka. Alimtafuta ndani yake mwenyewe shetani wa kumchukia mtu huyu, akamkosa. Mtu aliyekuwa anafanya jambo jema kuliko yote aliyojua, kwa nia safi, ndiye aliyekuwa anamfungia njia. Aliomba moyoni, haraka, neno moja tu, apate hata mkono mwingine wa kuchagua. Akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

Akaweka mkono wake ndani ya ule mkono.

"Mama!" Agnetha alishtuka, kwa maana alikuwa ameelewa sasa. "Mama, hapana. Baba mkubwa, ilikuwa mchezo! Ni igizo tu la chuo! Mama, mwambie ilikuwa mchezo!"

Klaudia alikuwa ameshasimama. Majani makavu yalimng'ang'ania kitenge nyuma, na Shamsa alianza kumpangusa.

"Ungekuwa mchezo, mwanangu," alisema Klaudia, "ningekwisha inuka mwenyewe."

Vibibi vilipiga vigelegele. Chini ya turubai watu walisikia, wakageuka, wakadhani igizo lilikuwa na kipande kingine ambacho hawakukiona, wakapiga makofi, sahani magotini. Profesa Kamala naye aligeuka, akafuta vidole, akapiga makofi kwa uchangamfu. Jamali peke yake, kofia mkononi, hakupiga.

Ildefons aliuachia mkono taratibu, akavaa ndala zake. Alikuwa anatokwa jasho, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo wa miaka.

"Lori linaondoka kabla ya jioni," alisema. "Mizigo ni mingi?"

"Kitanda ni cha chuo. Na kiti."

"Basi itaingia yote."

"Agnetha atabaki bwenini mpaka amalize mitihani."

Ildefons alifikiri. "Mpaka amalize," alikubali. Halafu akaongeza, kwa upole, kama mtu anayeuliza jambo dogo kabisa: "Sasa unakwenda wapi?"

Klaudia alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea jikoni. Alisimama. Ilimbidi ageuke, ajibu.

"Kuosha masufuria, shemeji."

"Haya," alisema Ildefons. "Usikawie."